Nyumba Iliyomlea Yannick Noah

Hotuba kwa wazazi, makocha na vijana wachezaji wa tenisi, Lubumbashi

Waheshimiwa baba na mama, walimu na makocha, viongozi wa klabu zetu, na ninyi vijana mlioketi hapa mbele mkiwa bado na vumbi la mazoezi miguuni, nawasalimu nyote kwa heshima, na nawashukuru walionipa nafasi hii ya kusema nanyi.

Nimeombwa nizungumze juu ya familia na michezo. Jambo hilo ni pana, na mtu akilizungumza kwa ujumla huishia kutoa mawaidha ambayo kila mzazi ameshayasikia kanisani, shuleni na redioni. Kwa hiyo nimechagua kumfuata mchezaji mmoja tu, Yannick Noah, Mfaransa aliyetwaa ubingwa wa tenisi wa Paris mwaka 1983, tangu nyumba aliyozaliwa hadi watoto na vijana aliowalea yeye mwenyewe. Nimemchagua kwa sababu baba yake alikuwa mwanasoka, na sisi wa Lubumbashi tunaijua nyumba ya namna hiyo. Mji huu ni mji wa mpira. Mtoto wa mitaa yetu ya Kamalondo, Kenya au Katuba hujua majina ya wachezaji wa Mazembe na wa Lupopo kabla hajajua kuliandika jina lake mwenyewe, na Mazembe ilipochukua ubingwa wa Afrika mwaka 2009 ikaurudia mwaka 2010, kila baba mwenye mtoto wa kiume alianza kumtazama miguu. Sisemi hayo kwa kulaumu. Nami nilishangilia barabarani kama wengine. Lakini nimeona watoto wengi wenye vipaji vya michezo mingine wakipotea kwa sababu nyumba zao zilikuwa zimeshawaamulia, na maisha ya Noah yanatuonyesha baba aliyekuwa na kila sababu ya kuamua, naye hakuamua.

Baba huyo ni Zacharie Noah. Alizaliwa Kameruni mwaka 1937, akaenda Ufaransa, akacheza beki katika timu ya Sedan, mji mdogo wa kaskazini-mashariki karibu na mpaka wa Ubelgiji. Mwaka 1961 Sedan ilishinda Kombe la Ufaransa kwa kuifunga Nîmes mabao 3 kwa 1. Siku hizi Mwafrika katika timu ya Ulaya hashangazi mtu. Wakati ule Kameruni ilikuwa ndiyo kwanza imepata uhuru, mwezi wa Januari 1960, na mchezaji mweusi uwanjani alikuwa jambo la kutazamwa mara mbili. Huko Sedan Zacharie alimwoa Marie-Claire, mwalimu wa Kifaransa, na tarehe 18 Mei 1960 wakampata Yannick. Kisha Zacharie akaumia. Jeraha hilo likamtoa katika mpira akiwa bado kijana, na mwaka 1963 familia ikahamia Yaoundé, mtoto akiwa na miaka 3.

Naomba tusimame kidogo hapa, maana wanaosimulia habari za Noah kwa kawaida huruka mpaka Paris. Baba ambaye mguu wake umemnyima kazi ana njia mbili mbele ya mwanawe. Ya kwanza ni kumfanya mtoto amalizie kile ambacho yeye hakukimaliza, na njia hiyo tunaiona kila Jumamosi katika viwanja vyetu, baba amesimama nje ya mstari akifoka kuliko kocha. Ya pili ni kutumia anachokijua juu ya gharama ya michezo, yaani maumivu, usingizi, chakula, kushindwa mbele ya watu na kuanza upya, ili mtoto ajue anaingia wapi, halafu kumwacha achague mwenyewe mlango wa kuingilia. Zacharie alishika njia ya pili. Yannick alikulia Yaoundé, akacheza mpira kama kila mtoto wa pale, na huko huko akashika raketi. Mwanasoka aliyetwaa Kombe la Ufaransa hakumwambia mwanawe kwamba tenisi ni mchezo wa wazungu na matajiri. Mimi naamini kwamba kazi yote ya Yannick ilianzia katika jambo hilo ambalo baba yake hakulisema.

Mwaka 1971 Arthur Ashe alifika Yaoundé katika ziara ya kuonyesha tenisi kwenye nchi kadhaa za Afrika. Vijana, shikeni jina hilo. Ashe alikuwa Mmarekani mweusi aliyekulia Richmond, Virginia, wakati ambapo viwanja vya umma vya mji wake vilitengwa kwa rangi. Alishinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1968, ya Australia mwaka 1970, na baadaye yale ya Wimbledon, Uingereza, mwaka 1975, na mpaka leo ndiye mwanaume mweusi pekee aliyewahi kuyashinda hayo matatu kwa mchezaji mmoja mmoja. Serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini ilikuwa imemnyima visa. Basi mtu huyo akasimama kwenye kiwanja cha klabu Yaoundé, akaletewa watoto wa kupiga nao mipira, na mmoja wao alikuwa na miaka 11.

Ashe alipiga naye mipira kwa muda mfupi tu. Aliyaona mambo ambayo makocha mlioko hapa mnapaswa kuyatafuta kabla ya mipigo mizuri: mtoto anayefika mapema mahali mpira utakapoangukia, asiyeukwepa mpira mzito, na mwenye bega linaloweza kuanzisha mchezo kwa nguvu bila kufundishwa. Ashe hakuishia kumpigapiga mtoto mgongoni na kumwambia aendelee hivyo hivyo. Aliwasiliana na Philippe Chatrier, mmoja wa wakuu wa tenisi ya Ufaransa, yule ambaye leo kiwanja kikuu cha Roland Garros, yaliko mashindano ya wazi ya Ufaransa huko Paris, kinaitwa kwa jina lake, akamwambia kwamba Yaoundé kuna mtoto anayestahili kutazamwa. Shirikisho la tenisi la Ufaransa likampokea mtoto, akapelekwa Nice, kwenye shule ambayo wanafunzi waligawa siku kati ya darasa na kiwanja.

Hapa baba na mama wa Noah walipata mtihani mgumu kuliko wote. Kumpeleka mtoto wa miaka 11 ng'ambo ya bahari, bwenini, katika nchi ambayo rangi yake ingemtangulia kila mahali, si jambo la kufurahia hata kama mama ni mzaliwa wa nchi hiyo. Yannick mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi upweke ulivyomtafuna. Sitaki mzazi yeyote atoke hapa leo akidhani kwamba habari hii inamwagiza amfungashe mwanawe akimwona anapiga mpira vizuri. Familia ya Noah ilikubali baada ya mtu aliyeujua mchezo kumpima mtoto, na baada ya kupatikana mahali palipokuwa na shule, kitanda, kocha na mkubwa wa kuwajibika. Nasema hivyo kwa sababu tunawajua watu wanaopita katika miji yetu wakiahidi majaribio Ulaya au Uarabuni, wakichukua pesa za ukoo mzima, na mtoto akaishia kulala stesheni. Mzazi akiulizwa leo juu ya safari ya mwanawe, na aulize kwanza: atasoma wapi, atalala wapi, nani ametia sahihi, na akivunjika mguu nani atamrudisha nyumbani? Zacharie aliyajua maswali hayo kwa sababu mguu uliovunja kazi ulikuwa wake mwenyewe.

Noah aligeuka mchezaji wa kulipwa mwaka 1977. Mwaka uliofuata alicheza Wimbledon katika mchezo wa wawili wawili, na mwenzake upande wake wa wavu alikuwa Arthur Ashe. Miaka 7 tu ilikuwa imepita tangu Yaoundé. Mwaka 1982 alikwisha kuwa nguzo ya timu ya Ufaransa iliyofika fainali ya Kombe la Davis, mashindano ya tenisi ya timu za mataifa, huko Grenoble, dhidi ya Marekani. Katika mchezo wa kwanza alikutana na John McEnroe. Seti ya kwanza pekee iliisha 12 kwa 10, Noah akaipoteza, akashinda mbili zilizofuata, kisha McEnroe akazitwaa mbili za mwisho, na Ufaransa ikashindwa. Kushindwa kule kulimfundisha kwamba angeweza kumkaribia mtu bora duniani na bado akakosa pumzi mwishoni, naye akarudi kwenye mazoezi ya mwili akiwa amebadilika.

Sasa tufike Paris, mwaka 1983, na hapa naomba ruhusa ya kwenda polepole, kwa kuwa vijana wengi huziona picha za siku ile bila kuelewa ugumu wa alichokifanya.

Kiwanja cha Roland Garros kimefunikwa tabaka jembamba la matofali yaliyosagwa yakawa unga, na chini yake kuna mawe ya chokaa. Mpira ukigonga unga huo hukwama kidogo, hupoteza mbio, kisha huruka juu. Ninyi mnaujua udongo wa namna hiyo, kwa sababu baadhi ya viwanja vya zamani hapa kwetu vilitandikwa udongo wa kichuguu uliopondwa, ukamwagiwa maji na kushindiliwa, nao una tabia iliyo karibu na hiyo, hasa wakati wa kiangazi. Juu ya udongo mwenye subira ndiye hushinda. Anayepiga kwa nguvu hurudishiwa mpira, akipiga tena hurudishiwa tena, mpaka anachoka na kukosea. Bingwa wa mwaka uliotangulia, Mats Wilander wa Uswidi, alikuwa fundi wa subira hiyo. Alikuwa na miaka 18, na alishaonyesha kwamba angeweza kukaa nyuma ya mstari kwa saa nzima akirudisha kila kitu bila kubadilisha uso.

Noah alikuwa mchezaji wa aina nyingine kabisa. Alianzisha mchezo kwa mpigo mzito, akaufuata mpira mpaka wavuni, akaumalizia hewani kabla haujagusa chini. Juu ya nyasi watu wengi walicheza hivyo. Juu ya udongo ilihesabiwa kuwa ni kujitoa mhanga, kwa sababu udongo unampa mpinzani muda wa kukupitishia mpira pembeni ukiwa bado mbioni. Noah na kocha wake walitafuta jibu. Hakukimbilia wavuni nyuma ya kila mpira. Aliutuma kwanza mpira wenye mzunguko, unaoruka juu kabisa ya bega la Wilander upande wa mkono dhaifu, na ni pale tu Wilander alipolazimika kupiga akiwa amenyoosha mikono miwili juu ndipo Noah aliposogea. Kijana anayetaka kujifunza kitu leo na ajifunze hicho, kuutumia mruko wa udongo uwe msaada kwa mchezo wa kushambulia. Watu husema kwamba Noah alishinda kwa moyo na kwa shangwe za umati. Moyo alikuwa nao, umati ulimbeba, lakini ile ilikuwa kazi ya akili iliyoandaliwa kwa makini, na si haki kumnyima sifa hiyo.

Kabla ya fainali alikuwa ameshamtoa Ivan Lendl wa Chekoslovakia kwenye robo fainali, na seti aliyonyang'anywa na Lendl ndiyo pekee aliyoipoteza katika mashindano yote. Nusu fainali alimshinda Mfaransa mwenzake, Christophe Roger-Vasselin, ambaye naye alikuwa amemtoa Jimmy Connors. Tarehe 5 Juni, siku ya Jumapili, akamkabili Wilander. Alishinda 6 kwa 2, 7 kwa 5, na seti ya tatu kwa taibreki, yaani mchezo mfupi wa kuamua seti iliyofungana 6 kwa 6. Alikuwa na raketi ya mbao, na wanaofuatilia historia ya mchezo humtaja kuwa mwanaume wa mwisho kushinda mashindano makubwa ya namna ile akiwa na mti mkononi, kwa maana raketi za madini na za nyuzi za kaboni zilikuwa zikiingia kwa kasi. Tangu Marcel Bernard mwaka 1946 hapakuwa na Mfaransa aliyeshinda pale upande wa wanaume, na tangu Noah mpaka leo hajapatikana mwingine.

Mpira wa mwisho wa Wilander ulipotoka nje, Noah alianguka magotini, akainuka, na umati ukabomoka kuingia kiwanjani. Katikati ya vurugu ile Zacharie, mtu mzima mwenye mwili wa beki, aliruka kutoka jukwaani akaanguka chini kwenye udongo, akainuka, akamfikia mwanawe, wakakumbatiana wakilia. Picha hiyo imezunguka dunia. Kila nikiiona huyawaza majeraha ya mzee yule na miaka yake ya Yaoundé, na zile siku ambazo angeweza kumwambia mwanawe aache mchezo wa raketi akavae viatu vya mpira. Alikuwa amepata haki ya kuruka.

Ningependa kuishia kwenye shangwe hiyo, lakini nisingekuwa mkweli kwa vijana. Noah mwenyewe amesema hadharani kwamba miezi iliyofuata ushindi ilikuwa miongoni mwa vipindi vibaya vya maisha yake. Alikuwa ametimiza ndoto yake akiwa na miaka 23, na hakujua tena anaamkia nini. Watu walimfuata kila mahali, alishindwa kutembea barabarani Paris kama mtu wa kawaida, na mawazo yake yalifika mpaka kwenye kutaka kujiua. Akahamia New York. Jambo hili tunalikwepa sana katika mazungumzo yetu ya michezo, kana kwamba mtu aliyeshinda hana haki ya kuumia. Makocha wangu, mchezaji akinyamaza baada ya kushindwa mnamwona. Naombeni mjifunze kumwona pia anaponyamaza baada ya kushinda, na mumpeleke kwa mzazi au kwa daktari bila kumwonea haya.

Aliendelea kucheza, na vizuri. Mwaka 1984 alishinda Roland Garros katika mchezo wa wawili pamoja na Henri Leconte. Mwaka 1986 alifika nafasi ya 3 duniani kwa mchezaji mmoja mmoja na nafasi ya kwanza kwa wawili. Alikusanya mataji 23 ya mchezaji mmoja mmoja. Hakufika tena fainali ya mashindano makubwa peke yake, na goti na majeraha mengine yakamsumbua miaka mingi, kama yalivyomsumbua baba yake.

Kwa maoni yangu, sehemu bora ya kazi yake ilikuja alipokuwa amekwisha kuiweka raketi pembeni. Mwaka 1991 alikuwa nahodha asiyecheza wa timu ya Ufaransa, na fainali ya Kombe la Davis ikawa Lyon, dhidi ya Marekani yenye Andre Agassi na Pete Sampras. Ufaransa haikuwa imelishika kombe hilo tangu 1932. Noah alimpanga Leconte, rafiki yake wa zamani, ambaye mwaka ule alikuwa amepasuliwa mgongo na kushuka nje ya nafasi 100 za kwanza duniani. Wengi walidhani kwamba nahodha ameongozwa na urafiki. Leconte akamshinda Sampras kwa seti tatu mfululizo, kisha Guy Forget akalimaliza jambo, Ufaransa ikashinda 3 kwa 1, na nahodha akawaongoza wachezaji kuzunguka kiwanja wakicheza ngoma. Mwaka 1996 alilirudia jambo hilo Malmö, Uswidi, katika fainali iliyoamuliwa na mchezo wa mwisho kabisa, Arnaud Boetsch akiokoa pointi tatu za kupoteza na kushinda seti ya tano 10 kwa 8. Mwaka uliofuata aliiongoza timu ya wanawake ya Ufaransa kulitwaa kombe lao.

Niliposoma habari za timu hizo nilijiuliza Noah alikuwa akiwafanyia nini wachezaji, maana mpigo hawezi kuwafundisha watu waliokomaa. Alikuwa akiwajengea nyumba. Walikula pamoja, waliishi pamoja siku nyingi kabla ya mchezo, walisemezana yale ambayo mchezaji wa tenisi huyabeba peke yake mwaka mzima, kwa kuwa huu ni mchezo ambao mtu hana wa kumtupia lawama wala wa kugawana naye hofu. Mtoto aliyepelekwa bwenini na miaka 11 alijua vizuri upweke huo unafananaje.

Sasa tazameni kizazi cha tatu. Mwana wa Yannick, Joakim, alizaliwa New York mwaka 1985. Angekuwa na kila sababu ya kushika raketi, lakini alichagua mpira wa kikapu. Alishinda ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mara mbili mfululizo, 2006 na 2007, akiwa na chuo kikuu cha Florida, akachaguliwa na Chicago Bulls, na mwaka 2014 akatangazwa mlinzi bora wa ligi ya NBA, tuzo ile ile ambayo Dikembe Mutombo wetu aliitwaa mara 4. Babu mpira wa miguu, baba tenisi, mjukuu kikapu. Waliorithishana ni watu, wala si mchezo mmoja. Kila mmoja alikuta nyumbani mtu anayejua maana ya kuamka alfajiri mwili ukiuma, na kila mmoja aliachiwa achague kiwanja chake.

Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi kwa damu. Jo-Wilfried Tsonga, aliyezaliwa Le Mans mwaka 1985, baba yake ni Didier Tsonga, aliyetoka Kongo-Brazzaville, ng'ambo ya mto wetu, mwalimu wa kemia na mchezaji wa mpira wa mikono. Kijana huyo alikumbwa na ugonjwa wa mgongo mapema, akakaa nje muda mrefu, akarudi na kufika fainali ya Australia mwaka 2008, na baadaye nafasi ya 5 duniani. Mwaka 2011 alimshinda Roger Federer Wimbledon baada ya kupoteza seti mbili za mwanzo. Mwaka 2017 Tsonga alikuwa katika timu ya Ufaransa iliyotwaa Kombe la Davis mbele ya Ubelgiji, mjini Lille, na aliyeketi kwenye kiti cha nahodha alikuwa Yannick Noah, aliyerudi kwa mara nyingine. Zacharie alikuwa amefariki Yaoundé mwezi wa Januari mwaka huo huo. Mwana wa beki wa Kameruni na mwana wa mchezaji wa mpira wa mikono wa Kongo walikuwa upande mmoja wa kiwanja.

Wazazi wangu, mtaniuliza: je, nyumba isiyokuwa na mwanamichezo haiwezi kulea mchezaji? Inaweza. Richard Williams hakuwa mchezaji wa tenisi, naye aliwafundisha binti zake Venus na Serena katika viwanja vya umma vya Compton, huko California. Alichokuwa nacho Zacharie kwa uzoefu, mzazi mwingine anaweza kukipata kwa kuuliza na kuhudhuria. Njooni kiwanjani, mkae, mtazame bila kufoka. Mjue jina la kocha wa mtoto wenu na mjue anasoma darasa la ngapi. Mkiona binti yenu ndiye mwenye bega na miguu, msimrudishe jikoni mapema kuliko kaka yake. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu katika viwanja vyetu wasichana wenye miaka 9 ni wengi, na wenye miaka 14 wanahesabika kwa vidole.

Neno langu la mwisho ni kwa viongozi wa klabu. Ashe alimwona Noah kwa sababu Noah alikuwa ndani ya uzio siku ile. Katika mji huu, watoto walio ndani ya uzio kila siku ni waokota mipira. Wanafika kabla ya wachezaji, wanaujua mruko wa kila kona ya kiwanja, wanaiga mipigo kwa vipande vya ubao nyuma ya ukuta, na jioni wanarudi nyumbani na pesa ya mkate. Nimewaona wakipiga mipira wakati wakubwa wanapumzika, na baadhi yao wana mikono ambayo watoto wa wanachama hawana. Wengi wa watoto hao hawatawahi kulipa ada ya uanachama, na hakuna anayewaandika jina.

Ninaomba mambo matatu yanayowezekana bila fedha kubwa. Wapewe saa moja ya kiwanja kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, pamoja na kocha. Wapewe raketi ambazo wanachama wameziacha makabatini, kwa kuwa raketi iliyokatika nyuzi inaweza kufungwa nyingine hapa hapa mjini. Na kila mmoja alete kitambulisho chake cha shule, ili tujue kwamba saa hiyo haimwibii darasa. Makocha watatu tayari wameniambia kwamba watajitolea bila malipo. Kinachosubiriwa ni ruhusa ya viwanja, na kwa kuwa viongozi wote wanaohusika wamo ndani ya ukumbi huu, nawasihi tuketi pamoja baada ya maswali, tupange siku na saa, na tuandike majina ya watoto wa kwanza kabla hatujatawanyika.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nayapokea maswali, na naomba vijana waanze.